"Mama Ameenda Saudia": Uchambuzi wa Kisa cha Ndugu Wawili na Kifo Kilichofichwa

Kisa hiki kinatoka katika kazi ya ushauri nasaha kwenye shule moja ya mashariki mwa Nairobi. Majina yamebadilishwa, na mambo yanayoweza kuitambulisha familia yameondolewa au kugeuzwa. Msichana tutamwita Imani, kaka yake Daudi. Familia ilikubali kisa kiandikwe. Daudi aliulizwa peke yake, naye akakubali kwa sharti moja: nyanya yake asionyeshwe kuwa mtu mbaya. Sharti hilo halikuwa zito kulitimiza, kwa sababu nyanya hakuwa mtu mbaya hata kidogo.

Usuli

Mama yao alikuwa na kibanda cha chapati na githeri karibu na steji ya matatu. Aliwalea watoto wake peke yake. Baba yao alikuwa ameondoka zamani, na hana sehemu katika yanayofuata. Mama alikuwa na shinikizo la damu, ambalo yeye na majirani waliliita presha kama watu wote wanavyoliita, na dawa alimeza miezi mingine na mingine akaacha. Asubuhi moja alianguka kibandani. Kilikuwa kiharusi. Wiki haikuisha kabla hajafariki.

Yaliyofuata kila mkazi wa Nairobi anayajua. Kundi la WhatsApp lilifunguliwa usiku uleule, mweka hazina akateuliwa, orodha ya mchango ikawa inabandikwa upya kila mtu alipotuma chochote. Kamati ya mazishi ilikutana jioni katika ukumbi wa kanisa kupanga bili ya hospitali, jeneza, kibali cha mazishi, na basi la kuwapeleka waombolezaji mashambani, magharibi mwa nchi. Hata wanafunzi wa shule walichanga. Sitaki mtu asome haya kama lawama. Bila mkono huo wa watu wengi, familia ingekwama na deni kabla hata ya kuuchukua mwili. Ila katika mikutano yote hiyo watoto walitajwa kwa swali moja tu: nani atabaki nao.

Imani alikuwa na miaka 7, yuko Gredi ya 2. Daudi alikuwa na miaka 14, yuko Gredi ya 8 katika shule ileile.

Nyanya yao mzaa mama ndiye aliyeamua kwamba Imani asiambiwe. Imani aliachwa kwa jirani na kuelezwa kwamba mama yake amepata kazi Saudia, akaondoka ghafla usiku. Uongo huo ulikuwa na mahali pa kusimama. Mama alikuwa kweli ameanza kufuatilia pasipoti. Katika ploti yao ya vyumba vya kupanga wanawake wawili walishawahi kwenda Saudia na kurudi, mmoja akiwa na masanduku ambayo Imani mwenyewe alisaidia kuyafungua. Kwa mtoto wa ploti ile, Saudia ni mahali akina mama huenda, hupiga simu, hutuma pesa, kisha hurudi.

Nyanya pia alikuwa na sababu yake ya ndani. Miaka mingi nyuma alimzika mwanawe wa kiume, na mjukuu aliyepelekwa kaburini siku hiyo alilia mpaka akazimia. Nyanya alijiapia kwamba hataliona tena jambo lile. Alikusudia kumwambia Imani akifika miaka 10.

Daudi alienda mazishini. Alibeba viti, akagawa maji, akamshika nyanya mkono jeneza lilipokuwa linateremshwa. Usiku wa kuamkia safari ya kurudi Nairobi, wajomba walimwita kando wakampa maagizo mawili. La kwanza, wewe ndiye mwanamume wa nyumba sasa. La pili, dada yako asijue.

Jinsi kisa kilivyotufikia

Kilifika kama kesi ya nidhamu. Yapata miezi miwili baada ya mazishi, Daudi alimpiga mvulana mdogo wakati wa chakula cha mchana, akampiga vibaya. Walimu walishangaa, kwa sababu tangu msiba walikuwa wakimsifu. Alikuwa wa kwanza kufika shuleni, alimpeleka dada yake mpaka mlangoni mwa darasa, alama zake hazikuteremka. Neno walilolitumia ni "amekomaa".

Mvulana aliyepigwa alikataa kusema kilichotokea, kisha akasema. Alikuwa amemwambia Imani: "Mama yako hayuko Saudia, alikufa, hata sisi tulichanga." Daudi alikuwa karibu, akasikia.

Mwalimu wa darasa la Imani naye alikuwa na mambo yake aliyoyaona lakini hakumwambia mtu, kwa kuwa kila moja lilikuwa dogo likisimama peke yake. Imani alikuwa anakunja nusu ya chakula chake ndani ya karatasi na kukificha kwenye mkoba. Mara mbili alilowesha sketi darasani. Shule iko chini ya njia ya ndege zinazotua Embakasi, na kila ndege ilipopita chini chini Imani alitoka kwenye mchezo na kusimama kuitazama mpaka ipotee nyuma ya majengo. Siku moja aliuliza ndege za Saudia zina rangi gani.

Nyumbani, mama yao mdogo ndiye aliyekuwa akiwalea. Alitaka kuwahamishia chumbani kwake, karibu na Industrial Area anakofanya kazi, lakini Imani alipiga mayowe: mama akirudi atawapata wapi? Basi mama mdogo akawa analipa kodi ya nyumba mbili kwa mshahara mmoja, analala ploti ya marehemu dada yake na kuvilipia vyumba viwili ili hadithi ya Saudia isivunjike.

Jambo zito kuliko yote lilitoka kwa Daudi mwenyewe, taratibu, baada ya mazungumzo kadhaa. Simu ya mama ilikuwa kwake. Aliichukua kwenye mfuko wa vitu vilivyotoka hospitalini. Imani alikuwa akituma ujumbe wa sauti kwa mama kila jioni kupitia simu ya mama mdogo, na kwa kuwa simu ya mama ilikuwa imezimwa, kila ujumbe ulibaki na tiki moja. Imani aliazima simu kila baada ya muda kutazama kama tiki ya pili imeingia. Daudi alivumilia wiki kadhaa. Kisha akaichaji simu, akaiwasha. Tiki zikawa mbili, akasikiliza, zikageuka buluu. Sasa Imani alijua mama amesikia, akasubiri jibu. Daudi akaandika: "Mama yuko sawa. Niko na kazi mingi. Sikiza anti. Fanya kazi ya shule."

Kuanzia hapo hakuweza kuacha. Imani aliomba apigiwe, Daudi akaandika kwamba simu imeharibika sauti. Aliuliza mama anakula nini huko, Daudi akaandika wali na kuku. Aliuliza atarudi lini, Daudi akaandika Desemba. Aliandika akiwa amejifunika blanketi, dada yake akiwa amelala kitanda hichohicho.

"Nimechoka kuwa mathe," alisema.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba Imani lazima aambiwe, na aambiwe mapema. Tayari alikuwa amesikia neno kifo kutoka kwa mtoto mwenzake, katikati ya vita, na kaka yake akalikanusha kwa ngumi. Mtoto katika hali hiyo hajalindwa na kitu. Anajua kuna jambo, na anajua kwamba hakuna mtu mzima wa kumuuliza.

Wa pili ulihusu nani atamwambia. Mwalimu mkuu alipendekeza mshauri aseme, kwa kuwa ndiye mwenye mafunzo. Tulikataa. Mtoto humkumbuka maisha yake yote mtu aliyempa habari ile, na mtu huyo anatakiwa awepo usiku wake, wiki ijayo na miaka ijayo. Mshauri huenda nyumbani kwake saa kumi na moja. Aidha, Imani alidanganywa na familia. Ukweli ukitoka kwa mgeni, angebaki anajua kwamba watu wake hawasemi kweli.

Mama mdogo alikuwa tayari, lakini alisema wazi kwamba hawezi kufungua mdomo bila ruhusa ya nyanya. Hatukujaribu kumzunguka mzee. Angeweza kumwambia mtoto kinyume kwenye simu siku inayofuata, na zaidi ya hayo, uamuzi ule ulikuwa wake na alistahili kuutengua mwenyewe. Alipigiwa simu, akasafiri.

Wa tatu ulikuwa mgumu zaidi: je, nyanya aelezwe habari ya zile jumbe? Daudi alizisema kwa siri. Aliulizwa anataka nini, akapewa nafasi tatu: zisitajwe kabisa, zitajwe na mshauri yeye Daudi akiwa hayupo, au azitaje mwenyewe. Alikaa nalo wikendi nzima, akachagua kuzitaja mwenyewe.

Kikao na nyanya kilianza vibaya. Alisikiliza maelezo kuhusu uelewa wa watoto kwa adabu ya mtu asiyekubali. "Mwalimu," alisema, "mimi nimezika. Nilitaka huyu apate mwaka mmoja tu wa kuwa mtoto." Hakuna mtu aliyebishana naye. Kisha Daudi akatoa simu akamsomea. Alisoma jumbe tano au sita, za Imani na majibu yake, kwa sauti ya mtu anayesoma darasani. Nyanya alimwomba aache kusoma. Alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akauliza swali moja: "Tutasemaje?"

Mipango iliyobaki ilifanywa na familia yenyewe, sisi tukijibu maswali. Siku ilichaguliwa Jumamosi asubuhi, wakati tumbo limeshiba na mchana wote uko mbele. Usiku ulikataliwa, na Jumapili jioni kwa sababu ya shule. Lugha iwe wazi: amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hasikii maumivu, hatarudi. Mafundisho ya kanisa lao kuhusu mbinguni yangekuja baada ya hayo, si badala yake, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuambiwa "ameenda mbali" angeweza kuiona mbinguni kama Saudia nyingine yenye ndege yake.

Walibishana kuhusu kuomba msamaha. Mjomba mmoja aliona kwa simu kwamba mtu mzima akimwomba mtoto radhi, mtoto hatamheshimu tena. Nyanya alilimaliza: aliyedanganya ni yeye, na yeye ndiye atakayesema.

Jumamosi

Maelezo haya ni ya mama mdogo, kwa kuwa mshauri hakuwepo.

Nyanya alimweka Imani mapajani. Alisema: "Mama yako hakwenda Saudia. Mama alikuwa mgonjwa, mshipa ulipasuka kichwani, madaktari wakajaribu, akafa. Tulimzika nyumbani, karibu na babu yako. Mimi ndiye niliyesema usiambiwe. Nilikosea, mjukuu wangu, nisamehe."

Imani aliuliza kama ni kweli kweli au ni mchezo. Aliambiwa ni kweli. Alilia kidogo. Kisha akaomba chai, akanywa, akaomba kwenda nje kucheza kati, ule mchezo wa mpira wa soksi. Mama mdogo alipiga simu kwa hofu: "Hajaelewa." Alikuwa ameelewa. Watoto wa umri wake huingia katika huzuni na kutoka, dakika kumi hapa na dakika tano pale, kwa kuwa hawawezi kuibeba mfululizo. Tulikuwa tumeitaja hali hii mapema, lakini kuitaja hakukumwondolea mama mdogo mshtuko wa kumsikia mtoto akicheka uani saa moja baada ya habari ile.

Jioni nyanya alimweleza kuhusu jumbe. Hapo ndipo Imani alipokasirika. Hakumkasirikia nyanya, hakumkasirikia jirani. Alimrukia Daudi, akamuuma mkono, na kwa muda wa wiki nzima hakumsemesha. "Wewe ulisema wali na kuku," alimwambia.

Usiku ule ule, taa ikiwa imezimwa, alimuuliza mama mdogo kwa sauti ndogo: "Ni ile presha tulimpa?"

Mama yao, kama akina mama wengi wa mji huu, alikuwa na msemo wake watoto wakipiga kelele: "Nyinyi mtaniua na presha." Imani aliukumbuka neno kwa neno, na siku ya mwisho aliyosemwa hivyo pia aliikumbuka: alikuwa amekataa kuoga. Ina maana kwamba kwa miezi ile yote, hata kabla ya kuambiwa ukweli, alikuwa na maelezo yake: mama ameondoka kwa sababu yangu.

Mama mdogo hakujua la kujibu, akamwambia watazungumza kesho, na kesho yake akamwita muuguzi wanayesali naye kanisa moja. Muuguzi alikuja na kipimo chake. Alimpima Imani, akampima mama mdogo, akampima Daudi, akawaonyesha namba. Alieleza kwamba presha ni nguvu ya damu inaposukumwa na moyo. Hakumficha kitu: hasira zinaweza kuipandisha kwa muda mfupi, kisha ikashuka yenyewe. Ya mama ilikuwa ugonjwa aliokuwa nao tangu kabla Imani hajazaliwa, na ulitaka dawa kila siku, na kuna miezi mama hakumeza. Imani aliuliza tena na tena kwa siku kadhaa, akajibiwa vilevile kila mara, na swali likaisha.

Daudi alikuwa amekaa hapohapo akisikiliza kuhusu dawa.

Matokeo

Kwa Imani mambo yalikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Aliacha kuficha chakula ndani ya wiki chache. Kulowesha kuliendelea, kukapungua, kukaisha muhula uliofuata. Alikubali kuhama, kodi ya pili ikakoma. Likizo ilipofika alipelekwa mashambani. Wazee wa kanisa walifanya maombi mafupi kaburini kwa ajili yake, akatia udongo kwa mkono wake, akauliza maswali ambayo watu wazima hawakuyategemea: mama amevaa nini, kichwa chake kiko upande gani, mvua ikinyesha maji yanafika? Nyanya aliyajibu yote. Mjukuu hakuzimia. Bado, mama mdogo akichelewa kutoka kazini, Imani huanza kutetemeka, na wamekubaliana kwamba apige simu hata kama ni dakika kumi tu.

Daudi aliporomoka. Muda mfupi baada ya siri kutoka alianza kulala darasani, akaacha mpira, akaacha kula mchana, alama zikaanguka. Watu wazima walichanganyikiwa, maana kwao jambo lilikuwa limekwisha. Mwalimu mmoja alimwambia mbele ya wenzake kwamba ameanza kujidekeza. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuomboleza.

Ilichukua muda kabla hajalisema lililokuwa moyoni: mwezi ule wa mwisho, pesa ya dawa ilinunua viatu vyake vya shule. Aliliona hilo kwa macho yake. Maelezo ya muuguzi yaliyomwondolea Imani hatia yalimthibitishia Daudi ya kwake.

Hatukukimbilia kumwambia si kosa lako. Alikuwa ameshaambiwa mengi ya kumtuliza. Tuliomba nyanya aje tena, naye alisimulia kwa undani jinsi bintiye alivyokuwa akiacha dawa hata miezi ya pesa nyingi, kwa sababu alijisikia mzima. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo; mara nyingi hauna dalili, na wengi huacha dawa kwa kuwa hawaumwi popote. Nyanya mwenyewe aliwahi kugombana naye kuhusu hilo. Daudi aliuliza tarehe, akauliza miezi, akafanya hesabu zake. Viatu bado anavikumbuka, lakini sasa havisimami peke yao.

Simu alibaki nayo. Kulikuwa na shinikizo kutoka kwa mjomba kwamba inyang'anywe na laini ifungwe, ili "asahau". Tulishauri aachiwe. Sasa anaitumia kusoma jumbe za zamani za mama mwenyewe, nyingi zikiwa ni kumtuma unga na mafuta.

Uchambuzi

Mtafiti wa Marekani Pauline Boss, aliyeanza katika miaka ya 1970 kwa kuzichunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, alieleza aina ya pekee ya msiba: mtu hayupo, lakini haijulikani kama amekwenda moja kwa moja. Familia za namna hiyo hukwama, kwa sababu kuomboleza huonekana kama kumsaliti anayeweza kurudi. Familia hii, kwa nia njema kabisa, ilimtengenezea Imani hali ileile. Chakula kilichofichwa, kukataa kuhama, macho kwenye ndege: yote ni tabia za mtu anayesubiri, na anayesubiri hawezi kuomboleza. Kwa umri wake aliweza kuelewa. Watoto wengi kati ya miaka 5 na 7 hufikia kujua kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi, na kwamba kila kiumbe hufa. Walio wadogo zaidi huhitaji kurudiwa mara nyingi, lakini hata wao huona kwamba mtu hayupo.

Kilichotokea kwa Daudi ndicho ninachotaka wenzangu wakitazame kwa makini, kwa sababu sijakiona kikizungumzwa. Siri ya kumlinda mtoto mdogo inahitaji mtu wa kuishika saa zote, na watu wazima hawako nyumbani saa zote. Mama mdogo alikuwa kazini. Nyanya alikuwa mashambani. Aliyelala na Imani, aliyemsindikiza, aliyeulizwa maswali saa mbili usiku, alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyefiwa na mama yuleyule. Kila alipotaka kulia ilibidi awe na sababu nyingine ya kulia.

Kenneth Doka alieleza mwaka 1989 juu ya huzuni ambayo jamii haiipi nafasi, ya mtu asiyetambuliwa kuwa mfiwa. Daudi alitambuliwa mazishini, kisha akavuliwa utambulisho huo kwa sentensi moja, akavikwa wa mwanamume wa nyumba. Margaret Stroebe na Henk Schut walipendekeza mwaka 1999 kwamba anayeomboleza vizuri huenda na kurudi: mara anakabili uchungu wa aliyeondoka, mara anashughulikia maisha mapya, pesa, kazi, chakula. Daudi alifungiwa upande mmoja. Walichokiona walimu kama kukomaa kilikuwa ni kutokuwa na ruhusa ya kurudi upande wa pili. Ndiyo maana mtoto anayesifiwa sana baada ya msiba anastahili kuulizwa hali yake kama anayelia.

Mama mdogo alikuwa amesoma mtandaoni kuhusu hatua tano za majonzi, akawa anangoja hatua ya hasira ifuate ya kukana. Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe, wala si waliofiwa. Kumwondolea mama mdogo ile ratiba kulimsaidia kumwona mtoto aliye mbele yake.

Tulijiuliza kama Daudi apelekwe kwa daktari wa akili. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, inahesabu majonzi makali kuwa ugonjwa yakidumu angalau miezi 6. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Wamarekani, uliorekebishwa mwaka huohuo, unataka miezi 12 kwa mtu mzima na 6 kwa mtoto. Kwa kalenda Daudi alikaribia. Lakini miezi ya mwanzo alizuiwa kuomboleza, na kuihesabu dhidi yake hakukuonekana haki. Tulikubaliana na familia juu ya dalili ambazo zingebadilisha uamuzi: akizungumzia kujidhuru, akikataa chakula siku nzima, akiacha kutoka nyumbani. Hazikutokea, na baada ya mwaka alikuwa amerudi uwanjani, si kila siku.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni nyanya kusema kwa kinywa chake, pamoja na msamaha. Mjomba aliogopa heshima itapotea. Ilikuwa kinyume, kwani tangu siku hiyo Imani akitaka kuhakikisha jambo lolote humpigia nyanya. Uhuru wa Daudi kuchagua nani azitaje jumbe nao ulikuwa na uzito, kwa kuwa lilikuwa jambo la kwanza katika msiba wote aliloamua mwenyewe.

Mpango ulishindwa mahali pawili. Ulimweka Daudi chumbani siku ya Jumamosi kama msaidizi, bila mtu wa kwake. Alihitaji mjomba au mwalimu wa mpira wa kutoka naye nje hasira za dada yake zilipomwangukia. Na maelezo ya ugonjwa yalitolewa kwa watoto wawili wakati mmoja kana kwamba wana swali moja. Hawakuwa nalo.

Mama mdogo pia alipuuzwa. Alifiwa na dada yake wa pekee. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa siku 21 za likizo ya mwaka, lakini haikuweka likizo ya msiba, hivyo siku alizozika zilikatwa kwenye hizo, na Jumatatu alikuwa kazini. Katika kumbukumbu za kisa hiki jina lake liko kila ukurasa, kama mtoa habari. Vikao vyake mwenyewe vilianza tu watoto walipotulia.

Kuna suala lililobaki wazi. Daudi akimaliza Gredi ya 9 huenda akapelekwa shule ya bweni, na kwa Imani atakuwa mtu mwingine anayeondoka na sanduku. Familia imepanga kumwambia tarehe mapema, kumpeleka aione shule na kitanda cha kaka yake, na kukubaliana siku za kupiga simu kulingana na kanuni za shule hiyo. Mama mdogo ameomba pia Daudi aulizwe kwanza kama anataka bweni, au kama anataka tu kupumzika mbali na nyumba ile, na nyanya amekubali kwamba jibu lolote atakalotoa lifuatwe.